Aliyejibu Nipo

Mshumaa uliyumba saa tatu asubuhi, ndani ya chumba ambacho upepo ulikuwa haujawahi kuingia, na Fundi Mdogo, aliyekuwa ameketi mbele yake mikono magotini, akajiambia kwamba ni utambi tu.

Utambi ukiwa mrefu kupita kiasi hufanya hivyo. Unavuta nta nyingi kuliko moto unavyoweza kula, mwali unarefuka, unatoa masizi, unacheza. Akachukua mkasi, akaukata kidogo. Mwali ukatulia, ukasimama mfano wa mbegu ya boga. Kisha ukainama kuelekea mlangoni, polepole, ukanyooka, ukainama tena, ukanyooka. Hakuna utambi unaocheza hivyo. Alihesabu bila kutaka kuhesabu, na hesabu ikatoka sawa na pumzi za mtu aliyelala.

"Upo?" dada yake aliita kutoka chumba cha mbele.

"Nipo!"

Akajibu haraka, kwa sauti ya mtu asiye na neno, na mshumaa ukaendelea kupumua.

Karakana yao ilikuwa na vyumba viwili na ua. Mbele palikuwa na sufuria za nta, kalibu za bati na vitita vya nyuzi za pamba za kusukia tambi. Nyuma, bila dirisha hata moja, palikuwa na chumba cha kuketi. Marehemu baba yao, Fundi Mkubwa, aliacha sheria moja iliyowapa jina: hakuna mshumaa unaouzwa kabla mwenzake mmoja wa mkupuo uleule hajawashwa na kuketiwa hadi mwisho. Unafunga mlango, unaziba upenyo wa chini kwa gunia, unakalia kigoda, unautazama unavyoungua kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukitatarika, nta ina maji. Ukitoa masizi, utambi ni mnene. Ukijichimbia shimo na kuzama, utambi ni mwembamba. Mlango haufunguliwi, maana upepo ukiingia ushahidi wote unaharibika. Ndiyo maana aliye nje, anayemimina nta, huita kila baada ya muda, "Upo?" na aliye ndani huitika, "Nipo." Hiyo ndiyo dawa ya usingizi. Fundi Mdogo akiwa na miaka kumi na miwili aliitwa mara tatu asiitike, baba akaingia na kata ya maji akammwagia yeye na mshumaa pamoja, mkupuo mzima ukarudiwa, na mtaa ukapata cha kucheka wiki nzima.

Jina la Fundi Mdogo lilimganda tangu utotoni. Baba alikuwa amekufa miezi mitatu sasa na hakuna aliyefikiria kumpandisha cheo, naye hakudai. Kitu pekee alichobadilisha ni kigoda. Alikisukuma pembeni, akaleta kiti cha plastiki.

"Umezeeka kabla yangu," dada yake alimtania siku aliyokiona.

"Mgongo, dada."

"Mgongo! Baba alikikalia kigoda hicho miaka arobaini."

Fundi Mdogo alicheka kwa meno, akageuza maneno. Angekwambia mgongo unauma hata mbele ya daktari, mradi tu asikikalie kile kigoda.

Wiki iliyofuata alitoka kununua nyuzi, akakaa kidogo dukani kwa sababu mwenye duka alikuwa na maneno mengi. Aliporudi alimkuta dada yake anamimina nta, mgongo ameupa mlango. Dada aligeuka, akamwona, na kopo likamtoka mkononi. Nta ilimwagika sakafuni ikaanza kuganda palepale.

"Umetokea wapi?"

"Dukani. Si nilikuaga?"

"Nimekuita sasa hivi." Dada alinyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha kuketi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kana kwamba mle ndani kuna mgonjwa. "Nimeona mlango umefungwa, nikajua umeketi. Nimekuita mara mbili. Mara zote mbili umeitika."

"Labda ni jirani."

"Jirani anaijua sauti yako kuliko mimi?"

Walisukuma mlango. Ulikuwa mzito, kwa sababu gunia lilikuwa limepangwa vizuri kwa ndani, na mtu hawezi kupanga gunia kwa ndani kisha akatoka. Juu ya sahani palikuwa na kipande cha mshumaa kilichozimika muda huohuo, uzi mweupe wa moshi bado unapanda. Kigoda kilikuwa katikati ya chumba. Na chini ya harufu ya utambi uliozimwa palikuwa na harufu nyingine, ya dawa ya kuchua, ile nzito ya kopo la kijani aliyopakwa baba miguuni miaka yote.

"Hii harufu," dada alinong'ona.

"Kuna kopo lake humu. Nilisahau kulitupa."

Hapakuwa na kopo. Alisema hivyo kwa wepesi uliomtisha yeye mwenyewe, na dada yake akamwangalia muda mrefu, akaenda kukwangua nta sakafuni.

Sasa lazima tuseme alichokifanya, maana yeye hakuwa tayari kukisema.

Baba yao aliugua miezi minne. Mwishoni macho yake hayakuvumilia mwanga wa dirisha, akaomba kitanda chake kihamishiwe chumba cha kuketi, awe na mshumaa mmoja tu mbali na uso. Fundi Mdogo alimhudumia, na alimhudumia vizuri, hilo tusimnyang'anye. Alimgeuza, alimlisha, alimsafisha. Dada hakuwepo. Miaka miwili nyuma alikuwa amekwenda kuuza taa za sola mji mwingine, na Fundi Mkubwa, ambaye kwake hilo lilikuwa sawa na mwanawe kuuza sumu, alimwambia asikanyage tena nyumba hiyo. Aliposikia hali ni mbaya, akafunga safari.

Siku ya mwisho mzee alikuwa haoni tena. Kila baada ya dakika mbili aliuliza, "Upo?" Mwanawe akajibu, "Nipo, baba." Upo? Nipo. Tangu alfajiri hadi mchana. Kisha mzee akasema neno refu kuliko yote ya siku ile: "Niketie, mwanangu. Mpaka mwisho, kama mshumaa." Fundi Mdogo akaahidi. Akawasha mshumaa mpya, akakalia kigoda, akaitika mara kumi, mara ishirini, halafu kitu fulani ndani yake kikachoka kabisa, kikachoka na harufu na giza na lile swali. Akatoka, akaurudisha mlango polepole. Alijiambia ni dakika tano. Alikwenda kwa kinyozi wa mtaa wa pili, akanyolewa ndevu, akakuta drafti imetandazwa, akacheza. Alicheza michezo minne. Kinachomchoma hadi leo ni kwamba alishinda yote minne, na alifurahi.

Aliporudi, mshumaa ulikuwa umeisha na baba amekwisha.

Dada alifika jioni ileile, vumbi la safari miguuni, akaanguka mlangoni akilia kwamba amechelewa. Na Fundi Mdogo, kwa huruma au kwa woga, au kwa vyote viwili vilivyochanganyika kama nta na maji, akamwambia: "Alikufa mikononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa lako. Alisema, mwambie dada yako nimemsamehe, nyumba hii ni yake pia." Dada alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Aliacha taa zake za sola, akarudi kwenye sufuria. Usiku alilala usingizi wa mtoto. Usingizi huo ndio Fundi Mdogo aliokuwa akiulinda, au ndivyo alivyojiambia, kila alipojitazama kwenye kioo na kuona kidevu kilichonyolewa.

Basi mambo yakatoka nje ya karakana. Alhamisi alikuja mama mwenye nyumba ya wageni, mteja wao wa miaka, akatua boksi zima la mishumaa mezani.

"Mishumaa yenu inapumua," alisema.

"Labda dirisha, mama."

"Nimefunga madirisha hadi wageni wanaoga jasho. Inapumua. Na hilo ningelivumilia, biashara ni biashara." Alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Juzi umeme ulikatika, nimewasha mmoja chumbani kwangu, nikaenda jikoni. Mume wangu akaniita kutoka sebuleni, upo? Akaitikiwa chumbani, nipo! Sauti ya mwanamume. Tena, samahani sana, sauti yako wewe. Sasa mume wangu anataka kujua fundi wa mishumaa alikuwa anatafuta nini kitandani kwangu, na mimi sina jibu."

Siku nyingine wangecheka hadi wakae chini. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Fundi Mdogo alitamani ardhi ipasuke immeze, akapokea boksi bila kutazama mtu usoni, na mama yule alipotoka, dada akajitanda kanga yake, akasema anakwenda kumwita Bi Taratibu.

Bi Taratibu alikuwa mganga, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuharakisha hatua wala neno. Alikuja mchana wa siku iliyofuata, mikono mitupu, bila mkoba wala kibuyu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nipeni maji, halafu mnioneshe."

Aliingia chumba cha kuketi peke yake. Alikaa humo muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Alipotoka alimtuma dada akamtafutie mshumaa wa mkupuo wa zamani, uliotengenezwa na mkono wa baba, na dada alipokwenda ghalani, bibi akamshika Fundi Mdogo mkono.

"Kuna aliyekaa humo," alinong'ona. "Wala hakuja kwa ubaya. Hawa wana tabia moja. Mtu akisema nipo halafu hayupo, pale mahali pake panabaki wazi, na wao hawawezi kupaona pahali wazi wakapita. Huyu alikuta kigoda kitupu, akakikalia. Akaitwa, akaitika. Sasa anadhani yeye ndiye wewe."

Fundi Mdogo alifungua mdomo.

"Usiniambie mimi," bibi alisema. "Mimi hukunidanganya. Atatoka siku mwenye kigoda atakaposema mbele ya aliyemdanganya kwamba hakuwepo. Na useme kabla mshumaa haujaisha, kwa sababu ukiisha naye hajatoka, nitakuwa sijui tena nani kati yenu ndiye wa kutoka."

"Bibi, nikisema, dada yangu hatalala tena."

"Kwani wewe unalala?"

Waliingia watatu. Gunia likapangwa. Mshumaa wa baba ulikuwa mfupi, wa kidole kimoja, umegeuka rangi ya maziwa ya zamani. Dada aliuwasha, na kwa muda walitazama tu, kama walivyofundishwa utotoni: nta inayeyuka na kuwa kidimbwi, inapanda ndani ya utambi, inakuwa mvuke, na mvuke ndio unaoungua. "Moto hauli nta," mzee alipenda kusema, "unakula pumzi ya nta." Hewa ya moto inapanda, ya baridi inaingia kwa chini, na hewa ikiingia sawasawa pande zote mwali unasimama. Ukiyumba ndani ya chumba kilichozibwa, tafuta anayesukuma hewa.

Mwali ulisimama. Halafu ukainama, ukaipa mgongo pembe yenye kigoda.

"Sema, mwanangu," bibi alisema.

"Dada." Alikohoa. "Siku ile ya baba. Nilitoka kidogo. Nilikwenda kunywa maji uani, dakika moja tu, na niliporudi..."

"Nipo," ilisema sauti yake mwenyewe kutoka kwenye kigoda.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuitwa na bado anaitika kwa adabu. Dada alitoa mlio mdogo akamshika bibi begani, na mwali ukaanza kupumua kwa nguvu, ukilala na kuinuka, ukilala na kuinuka, na harufu ya dawa ya kuchua ikapanda kutoka sakafuni ikajaa chumbani hadi ikawa ladha ulimini, na vivuli vyao vitatu ukutani vikanyanyuka na kushuka, na kilipokuja kivuli cha nne, kimekaa, kimeinamisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, Fundi Mdogo akaona kwamba kina mabega yake na kichwa chake na masikio yake yaliyotokeza, kila kitu chake, isipokuwa kile kilikuwa na ndevu.

"Mshumaa unaisha," bibi alisema taratibu.

"Nilikwenda kwa kinyozi!" Alilisema kwa kelele, kama mtu anayetapika. "Sikwenda kunywa maji. Alinishika mkono akaniomba niketi, nikaahidi, nikamwacha. Nilinyolewa. Nilicheza drafti, dada, michezo minne, nilikuwa nacheka na watu. Niliporudi alikuwa wa baridi. Nilikaa pale nijifanye nilikuwepo, na kigoda... Kigoda kilikuwa cha moto. Mtu alikuwa ameinuka hapo sasa hivi. Nilijua tangu siku ile."

Dada alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilijua ulikuwa umenyolewa," alisema. "Ulinikumbatia pale mlangoni, na shavu lako lilikuwa laini, linanukia poda ya kinyozi. Nikajiuliza, mtu anayeuguza anapata wapi muda. Sikutaka kuuliza. Kwa sababu ya lile neno. Niambie lile neno."

Hakuna kitu alichowahi kufanya kilichomgharimu kama kuinua uso wake wakati ule.

"Nililitunga mimi."

"Lote?"

"Lote. Nisamehe, dada. Sijui alisema nini. Sikuwepo."

Aliposema *sikuwepo*, mwali ulisimama wima, mrefu, mkali, bila kutikisika hata kidogo. Bibi akavuta pumzi. Alinyoosha mkono kwenye gunia ili afungue mlango, lakini dada alimzuia. Aligeukia kigoda kitupu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Wewe ulikuwepo," aliuambia utupu ule. "Alisema nini?"

"Usiulize, mwanangu," bibi alisema. "Huyo si wa kuulizwa."

"Alisema nini?"

Sauti ilijibu, ileile ya mdogo wake, kwa upole.

"Aliuliza kama nipo. Nikasema nipo. Akauliza, na dada yako? Nikasema yupo, amekaa mlangoni. Akasema, basi."

Bibi akavuta mlango. Ukiacha siku za ugonjwa wa baba, ilikuwa mara ya kwanza mlango ule kufunguliwa mshumaa ukiwaka tangu siku ya kata ya maji. Mwali uliinama kuelekea nje, ukanyooka kwa urefu kama unavutwa na vidole, ukakatika. Moshi mweupe haukupanda. Ulitoka kwa ubapa, uzi mmoja, ukapita katikati yao kwa kimo cha mtu, ukavuka chumba cha mbele juu ya sufuria, ukatokea uani kwenye jua na kupotea. Bibi alikuwa tayari ana kiberiti. Aliuwasha ule moshi mpya uliokuwa umeanza kupanda kutoka kwenye utambi, shubiri nzima juu yake, na moto ukateremka kwenye moshi kama maji kwenye bomba hadi ukaukalia utambi. Ulisimama, mtulivu, mbegu ya boga.

"Huo ni moto wenu," alisema. "Yule ametoka. Hicho kigoda kikalie mwenyewe kuanzia leo, tena kila siku. Na wewe binti, alichokwambia usikiweke moyoni. Wanasema unachotaka kusikia."

Dada alijifuta uso kwa kanga.

"Neno la baba yangu limepitia kwa waongo wawili," alisema. "Nitaliweka wapi?"

Fundi Mdogo alitarajia afungashe virago kesho yake. Hakufungasha. Alibaki, akamimina nta, akasuka tambi, akampikia na kumwekea. Mishumaa haikurudishwa tena, na mume wa mama mwenye nyumba ya wageni alitulizwa kwa boksi mbili za bure. Lakini dada aliacha kitu kimoja. Hakuita tena, na nafasi ya mwitaji ikabaki wazi. Mdogo wake akiketi, alikuja mwenyewe, akausukuma mlango, akachungulia kuhakikisha kwa macho yake kwamba aliye ndani ni yeye, akaondoka kimya. Upepo uliingia, mwali ukayumba, majaribio yakaharibika, na Fundi Mdogo hakuthubutu kulalamika. Ingekuwa matusi angeweza kuyabeba. Yale macho mlangoni, yanayomkagua kisha yanaondoka, yalimwingia kila mara kama mara ya kwanza. Usiku alimsikia upande wa pili wa ukuta, akijigeuza kitandani hadi jogoo.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja ya kawaida aliingia na mshumaa wa mkupuo mpya, akapanga gunia, akakalia kigoda. Kilikuwa cha baridi, kama ilivyo siku zote sasa. Mwali ulisimama vizuri. Dada hakuja kuchungulia, na saa ilipopita akaanza kuwaza labda amechoka naye kabisa.

"Upo?"

Ilikuwa sauti ya dada yake nyuma ya mlango, ile ya zamani, yenye kicheko kidogo mwishoni.

"Nipo!" alijibu.

Baada ya muda, "Upo?" Nipo, dada. "Upo?" Nipo. Mara tano, mara sita. Machozi yalimdondoka na hakujali, akakaa akiangalia moto kupitia maji ya macho yake, mtu mzima anayelia kwa sababu ameitwa. Mwishowe hakuweza kuzuia.

"Dada," alisema kwa mlango. "Umenisamehe?"

Akatega sikio.

"Nimekusamehe," ilisema sauti ya dada yake. "Nyumba hii ni yako pia."

Alikuwa ameshaanza kutabasamu alipoyatambua maneno. Aliyatambua jinsi mtu anavyotambua nguo yake mwilini mwa mwizi. Aliutazama mwali, nao ulikuwa umeinama, polepole, ukanyooka, ukainama. Na ng'ambo, mbali, akasikia kufuli la mlango wa barabarani likifunguliwa kwa ufunguo kutoka nje, na miguu ya dada yake ikiingia na mizigo ya sokoni, na kikapu kikitua.

Mlango wa chumba ulisukumwa. Dada alichungulia, jasho la njiani usoni, akamkagua. Akaona mashavu yaliyolowa.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Fundi Mdogo alitazama sakafu. Hofu ilikuwepo, imemsimamisha nywele zote za mwili. Lakini kilichomfanya ashindwe kuinua uso kilikuwa aibu, kwa sababu alitamani, kwa roho yake yote, dada yake aufunge ule mlango, ili aitwe tena.